Cheti cha DPP kilifutwa, mbona dhamana bado inazuiwa na karatasi?

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua za wasomaji huwa mnazikata lakini hii naomba muikate kwa huruma maana nimeiandika wiki mbili nzima. Nataka kuongelea dhamana, hasa yale makosa tunayoambiwa "hayana dhamana", na nataka niyaongelee kwa kufuata hukumu za mahakama zetu wenyewe, kwa sababu naona watu wanabishana kwenye daladala na kwenye magrupu ya simu kama vile hizo hukumu hazijawahi kuandikwa.

Mimi sio mwanasheria, naomba nilitangulize hilo ili wasomi wasinijie juu mapema. Nimefundisha hesabu shule za msingi miaka 31 nikastaafu, sheria nimeanza kuisoma uzeeni tena sikuisoma kwa kupenda, nilisukumwa na mambo ya mtoto wa dada yangu.

Kijana alikua mtunza stoo kwenye kampuni moja ambayo siitaji. Mwaka 2018 hesabu za stoo hazikukaa sawa, kampuni ikasema imepotelewa na mali ya shilingi milioni 46, akakamatwa yeye. Polisi alikaa siku tano wakati sheria inaongelea saa 24 (hilo nalipita tu, kila mtu analijua na hakuna anayeshangaa tena). Siku ya tano jioni tukapigiwa simu kwamba kesho anapelekwa mahakamani, kosa ni wizi akiwa mtumishi. Wakili tuliyempata akatueleza vizuri kabisa kwamba wizi una dhamana, ila kwa kuwa mali inazidi milioni 10, ndo kikomo kilichokuwepo wakati ule, sheria inamtaka mshtakiwa aweke mahakamani nusu ya thamani, yani milioni 23, iwe taslimu au mali. Milioni 23 sisi tuzitoe wapi, lakini dada ana nyumba yenye hati, marehemu shemeji aliihangaikia ile hati miaka tisa. Usiku uleule tukamwamsha mtendaji wa mtaa atuandikie barua, na asubuhi saa moja tuko getini mahakamani, dada kashika bahasha ya kaki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Saa nne wakili akatoka ndani uso umemshuka. Akaniambia mzee, wameongeza kosa la pili, utakatishaji wa fedha haramu. Nikamuuliza huyu katakatisha nini, mtoto mwenyewe mwisho wa mwezi namuongezea nauli. Akasema kwenye hati ya mashtaka wameandika kwamba alinunua pikipiki kwa fedha huku akijua fedha hizo zimetokana na wizi. Basi. Hakimu akasoma mashtaka, akamwambia asijibu chochote kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri la namna hiyo, na kwamba kosa la pili halina dhamana kisheria, akapanga tarehe ya kutajwa, karandinga ikaondoka. Ile bahasha hakuna aliyeifungua.

Akakaa ndani miaka miwili na miezi minne. Kila baada ya siku 14 hivi tunaenda, mwendesha mashtaka anasimama anasema mheshimiwa upelelezi bado haujakamilika tunaomba tarehe nyingine, inachukua kama dakika mbili alafu tunarudi nyumbani. Mwalimu wa hesabu haachi kuhesabu, ni kama mara 60, dakika mbili mbili, jumla yake masaa mawili. Masaa mawili ya mahakama ndo yalikula miaka miwili na miezi minne ya mtu. Mwisho DPP, yani Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali, akasema hana nia ya kuendelea na shauri, kijana akatoka na mfuko wa rambo mkononi, na mpaka leo hakuna mahakama iliyowahi kusema kama aliiba au hakuiba. Inawezekana aliiba, mimi sijui, sikuwepo stoo.

Ninachotaka msomaji akione hapo ni kwamba kwenye lile kosa la kwanza hakimu alikua na kazi ya kufanya. Angeangalia hati ya nyumba, angeangalia barua ya mtendaji, angemuangalia kijana mwenyewe anaishi wapi na nani anamfahamu, angejiuliza huyu akitoka atarudi kweli au atapotelea mpakani, alafu angeamua, hata kama angeamua kumnyima tungejua kuna mtu kafikiria. Kosa la pili lilipoongezwa ile kazi ikaisha. Aliyeamua kwamba kijana alale gerezani ni yule aliyekaa ofisini akaongeza mistari minne kwenye karatasi, na huyo hakutuona, hakutusikia, wala sheria haimtaki atusikie.

Kifungu chenyewe kinachofanya hivyo watu wa mahakamani wanakitaja kwa namba tu, 148(5), cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ndani yake kuna orodha: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, usafirishaji wa dawa za kulevya, usafirishaji haramu wa binadamu, utakatishaji fedha, na mengineyo. Ukishtakiwa kwa mojawapo, polisi na mahakama hawaruhusiwi kukupa dhamana, hata hakimu awe anaamini kabisa kwamba hutokimbia.

Sasa twende kwenye hukumu. Haki zetu za msingi hazikuwemo kwenye Katiba ya 1977 ilipoandikwa, ziliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na hata zilipoingizwa serikali ikajipa muda kwanza wa kusafisha sheria zake, ndo mpaka Machi 1988 mahakama zikaanza kuruhusiwa kuzitumia haki hizo kupima sheria. Hazikukaa muda. Mwaka 1989 likaanza shauri la Daudi Pete kule Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya, jaji ambaye vijana wa siku hizi hawamjui na ni hasara kubwa, maana ndiye pia aliyesema mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na mwanaume, na ndiye aliyesema adhabu ya kifo ni ya kikatili inavunja Katiba. Kwenye shauri la Pete akasema kifungu cha kuzuia dhamana kinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikatoa hukumu ambayo nimeisoma mara nne na bado kila nikiisoma naona kitu kipya.

Mahakama ya Rufani haikukubaliana na Mwalusanya kwa kila jambo. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na Mwalusanya alisema kumnyima mtu dhamana ni kumtendea kama mkosaji tayari. Wale wazee wa Rufani wakasema hapana, kumzuia mtu akisubiri kesi sio lazima iwe ni kumtendea kama mfungwa. (Hapo mimi nawaheshimu ila naona kama hawakuwahi kulala mahabusu, maana mahabusu na mfungwa wanalala jengo moja, na mfungwa angalau anajua tarehe ya kutoka.) Lakini wakaenda kwenye Ibara ya 15, ile ya uhuru wa mtu, inayosema ni marufuku mtu kukamatwa au kufungiwa isipokuwa katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, wakauliza swali dogo tu: huo utaratibu uko wapi? Kifungu kilikua kinasema tu mtu wa aina hii asipewe dhamana, hakikuweka utaratibu wowote wa kumfikia huyo mtu mmoja mmoja na kuona kama kweli anastahili kuzuiwa. Wakaongeza kwamba kifungu kilikua kipana mno, kinazoa watu hatari pamoja na wasio hatari, kwa hiyo hata ile Ibara ya 30(2) inayoruhusu haki kupunguzwa kwa maslahi ya umma haikuweza kukiokoa. Wakakifuta.

Kilichofutwa siku ile kilikua aya moja tu, ile iliyogusa watu wanaotuhumiwa kwa makosa ya kutumia nguvu na silaha. Leo ukifungua kifungu hichohicho unakuta unyang'anyi wa kutumia silaha umekaa vizuri kwenye aya ya kwanza ya orodha. Yani ulitolewa mlango wa mbele ukarudi kwa mlango wa uani, na sijawahi kusoma gazetini mtu akiulizia ulipitaje.

Pili kuna hukumu ya Mtobesya, ambayo kwangu ndo tamu kuliko zote. Kulikua na kifungu kingine hapohapo juu yake, 148(4), kilichokua kinampa DPP uwezo wa kuandika cheti kwamba mtu fulani akipewa dhamana usalama au maslahi ya Jamhuri yatadhurika, na cheti kikishafika mezani hakimu anaweka kalamu chini. Wakili Jeremia Mtobesya akaenda Mahakama Kuu kukipinga, akashinda mwaka 2015. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na mwanzoni mwa 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Sababu yake ukiieleza kwa Kiswahili cha nyumbani ni hii, kwamba mtu ananyang'anywa uhuru wake kwa karatasi ya upande wa pili bila yeye kupewa nafasi ya kusema lolote, na Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. DPP ni upande mmoja kwenye kesi, hawezi upande mmoja ukaamua na mwamuzi akabaki mtazamaji.

Nakumbuka wakili wetu alifurahi sana kuhusu ile hukumu, na kesi ya kijana ilivyoanza mwaka huohuo nikadhani imetukuta wakati mzuri. Kumbe cheti hakikua kinahitajika tena.

Fikiria mwenyewe mhariri. Cheti cha DPP angalau kilikua kinamtaka DPP aandike, asaini, aseme usalama wa nchi uko hatarini, na ukikisoma unaweza hata kucheka kwamba usalama wa Jamhuri unategemea mtunza stoo. Hati ya mashtaka haimtaki aseme chochote kuhusu usalama wa nchi. Anachagua tu jina la kosa, na jina hilo likiwemo kwenye orodha basi dhamana imekufa palepale, mshtakiwa hasikilizwi, hakimu hapimi, na hata ushahidi hakuna anayeuulizia kwa kuwa upelelezi "bado unaendelea". Kama cheti kilikua kibaya kwa sababu upande mmoja unamfungia mtu bila kusikilizwa, hati ya mashtaka inayofanya kazi ileile kimyakimya inakuaje nzuri?

Hilo swali lilifika mahakamani, sio mimi wa kwanza kuliuliza. Kuna shauri la mwananchi aitwaye Sanga dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, lilipinga 148(5) yote. Mei 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu Dar es Salaam wakasema kifungu kinavunja Katiba, ila hawakukifuta siku hiyohiyo, wakaipa serikali miezi 18 ikakirekebishe, maana Katiba yenyewe inaruhusu mahakama kutoa muda wa namna hiyo. Mimi nyumbani nilichinja kuku. Kijana alikua bado ndani, nikampelekea habari siku ya kutajwa kesi, nikamwambia vumilia inakuja.

Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Mei mpaka Agosti, hata miezi mitatu haijaisha, rufaa imekatwa imesikilizwa imeamuliwa (hiyo spidi ningeomba na sisi wengine tugawiwe). Nilivyoielewa mimi, mahakama ilisema uhuru wa mtu sio kwamba hauna ukomo, Katiba yenyewe inakubali upunguzwe kwa sheria, na Bunge lina haki ya kulinda jamii kwa kusema makosa fulani ni mazito mno kiasi kwamba mtuhumiwa asubiri ndani. Kwa hiyo 148(5) ipo halali, na mpaka mahakama hiyohiyo ibadili msimamo au Bunge lirekebishe, hiyo ndo sheria. Siwezi kuwaambia watu waidharau hukumu ya Mahakama ya Rufani. Ila kuisoma na kuisema inapouma ni haki yangu, na inauma hapa: lile swali la mwaka 1991, utaratibu uko wapi, mimi sijaona kama limejibiwa. Kuwa na sheria inayosema "usimpe" ni kitu kimoja, kuwa na utaratibu wa kuamua nani asipewe ni kitu kingine, na mwaka 1991 mahakama hiyohiyo ndo iliyotufundisha tofauti yake.

Kuna wasomaji najua washaanza kubinua mdomo, watasema mwalimu anatetea majambazi na mafisadi kwa sababu yamemkuta. Niwajibu. Hoja yenu ya kwanza ni kwamba wakiachiwa watakimbia au wataharibu ushahidi. Sawa kabisa, wengine watakimbia kweli, na ndo maana kuna hakimu. Sheria hata bila hiyo orodha ya makosa inaruhusu kumnyima dhamana mtu aliyewahi kuruka dhamana huko nyuma, na inaruhusu kumzuia mtu kwa usalama wake mwenyewe, mfano pale ambapo mtaa mzima unamsubiri na mapanga. Hizo ni sababu zinazomuangalia mtu. Orodha yenyewe haimuangalii mtu, inaangalia jina la kosa, na jina la kosa anaandika mshtaki.

Hoja ya pili ni kwamba DPP hawezi kubambikia, ana ushahidi wake. Hapo naomba tusome magazeti yenu wenyewe mhariri. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa mwishoni mwa Julai 2019, mwanzoni ikasemwa ni mambo ya uraia, baadae akafikishwa mahakamani kwa utakatishaji fedha na mengine, dhamana hakuna. Desemba 31 mwaka huo mama yake akafariki. Mawakili wakaomba aruhusiwe akamuage mama yake, mahakama ikasema haina mamlaka. Alitoka Februari 2020 baada ya makubaliano ya kukiri na kulipa, zaidi ya shilingi milioni 270 jumla. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014 wakakaa ndani mpaka Juni 2021 DPP alipoondoa mashtaka. Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani wakati ule, alikamatwa Julai 2021, ugaidi, akatoka Machi 2022, DPP kaondoa mashtaka. Sisemi walikua na hatia au hawakua nayo, na siasa za yeyote kati yao sizitaki kwenye barua hii. Nasema tu kwamba kwenye kesi hizo za masheikh na Mbowe adhabu ilitangulia, hukumu haikuja kabisa, na yule kijana wangu ambaye hakuna kamera iliyomfuata yuko kwenye foleni hiyohiyo.

Na hayo makubaliano ya kukiri nayo yana jambo lake. Yaliingizwa kwenye sheria mwaka 2019, na Septemba ya mwaka huo Rais Magufuli akatoa siku saba kwa wanaoshikiliwa kwa uhujumu uchumi wakiri na kurudisha fedha. DPP wa wakati ule akaja kutangaza kwamba watuhumiwa 467 wameandika barua, jumla zaidi ya shilingi bilioni 107. Kukiri sio vibaya, nchi nyingi zinafanya, kesi zinaisha mapema na fedha inarudi. Lakini makubaliano ni ya watu wawili wanaoweza wote kusema hapana. Mtu aliyeko nje kwa dhamana anaweza kusema hapana, mimi sikuiba, tukutane kwenye ushahidi. Aliyeko ndani mwaka wa pili, mtoto wake kafukuzwa ada na mke kaanza kuuza makochi, huyo akiletewa karatasi ya kukiri atauliza kitu kimoja tu, kalamu iko wapi. Kijana wangu aliniambia hivyohivyo siku moja tukiongea kwa kupiga kelele kwenye nondo za wageni, "mjomba ningekua na hizo milioni 46 ningewapa zote hata sijui zilienda wapi". Hakua nazo, ndo kilichomponza na labda ndo kilichomuokoa.

Majirani zetu Kenya walipoandika Katiba yao ya 2010 waliweka kwenye Ibara ya 49 kwamba kila aliyekamatwa ana haki ya dhamana kwa masharti yanayokubalika, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Hakuna orodha ya makosa. Hata mshtakiwa wa mauaji anaomba, mshtaki anasimama anatoa sababu zake, jaji anaandika kurasa kadhaa za kwanini anakubali au anakataa. Wengine wananyimwa, na wengine wanapewa, lakini wote wanajua kwanini. Mimi naomba hicho tu, hiyo "kwanini". Bunge letu halihitaji hata kubadili Katiba kufika hapo, linahitaji kuifuta orodha na kuweka mstari mmoja kwamba mahakama itaamua baada ya kusikiliza pande zote.

Kuna rekebisho la mwaka 2022 nalijua, lile la kusema kesi isifunguliwe mpaka upelelezi ukamilike. Tulilishangilia kijiweni. Alafu ukilisoma mpaka chini unakuta makosa makubwa yale yanayoenda Mahakama Kuu yamewekwa pembeni, na humo ndo yamo mengi ya kwenye orodha yetu. Yani wenye dhamana wamelindwa dhidi ya upelelezi usioisha, wasio na dhamana wameachwa. Na ile Tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Julai 2023. Gazeti lako lingetufanyia hisani kubwa likaichapisha kidogokidogo, ukurasa mmoja kila Jumapili, tusome sisi tunaohusika.

Maana kusoma ndo shida nyingine. Hizi hukumu zote nilizozitaja zipo bure kwenye intaneti, mahakama wana mtandao wao wa TanzLII, mjukuu wangu ndo aliyenionyesha, unaandika jina la kesi inatoka. Zimeandikwa Kiingereza. Ya Mtobesya niliisoma na kamusi pembeni siku sita. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na nimeona hukumu kadhaa za Kiswahili tangu hapo na nyingine zimeandikwa vizuri mno hadi raha, ila zile kubwa za Katiba, zinazosema mimi na wewe tuna haki gani, za zamani zote zimebaki na kizungu chake. Dada yangu mpaka leo hajui kwamba mwaka 1991 mahakama ya juu kabisa ya nchi yake ilisema maneno ambayo yangemfaa pale getini. Nilijaribu kumtafsiria, nilipofika kwenye "utaratibu uko wapi" akanikatisha akasema na mimi ndo nilikua nauliza hivyo.

Basi nimalizie na ombi kwenu nyie wa magazeti, ni dogo na halina gharama. Mkiandika habari ya kesi za aina hii huwa mnamalizia na "upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa mpaka tarehe fulani". Ongezeni sentensi moja tu: leo ni siku ya ngapi tangu mshtakiwa afikishwe mahakamani mara ya kwanza. Siku ya 15, siku ya 400, siku ya 851. Kama mwandishi wenu hana muda wa kuhesabu, anitumie hizo tarehe kwa meseji, niko nyumbani sina kazi, nitamhesabia.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu, Dodoma